Kisu cha Safari

Atokaye Kasongo kwenda Kabambare huelekea mawio ya jua, na njia iliyo mbele yake ni ya kilometa 100 na zaidi. Katika miezi ya mvua njia hiyo huwa tope tupu. Motokari zikikwama hukaa siku nyingi, na wasafiri wengi huitegemea miguu yao. Wenye biashara husukuma baisikeli, ambazo huku kwetu tunaziita kinga, zimebeba mchele, mawese, chumvi, sabuni na samaki wakavu. Mwenye bahati hupata mwenyeji kijijini, akapewa pembe ya nyumba pa kulala. Lakini gurudumu likitoboka, au kijito kikifurika, usiku humkuta msafiri porini, naye hana budi kupiga kambi pale pale alipo.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe. Hapo ndipo Livingstone alipozuiliwa miezi mingi, tangu katikati ya mwaka 1870 hata Februari 1871, na sababu kubwa ilikuwa vidonda vya miguu. Naye alikuwa mganga. Nakumbusha habari hiyo si kwa ajili ya historia, bali kwa sababu katika njia yetu kidonda kidogo kingali na nguvu ya kumfunga mtu, na kisu kibaya ni mleta vidonda. Kisu butu hulazimishwa, na kinacholazimishwa huteleza. Mpini uliolegea hugeuka mkononi wakati ule ule mtu anapotia nguvu. Mshipa wa kidole gumba ukikatika siku mbili mbali na hospitali, mkono huo pengine hautashika jembe tena.

Msomaji ataniuliza, “Panga lipo, kisu cha nini?” Panga ni chombo kizuri, na shambani sina kingine nikipendacho kuliko hicho. Lakini panga halifai kumenya mhogo wala kusafisha samaki, nalo likifungwa juu ya kinga huonekana tangu mbali. Miaka hii ya karibuni nchi ya Kabambare imesumbuliwa na makundi yenye silaha, hasa upande wa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu. Kijana afikaye kizuizini akiwa na panga refu ubavuni huulizwa maswali mengi, na pengine majibu yake hayasikilizwi. Kisu kifupi kilicho ndani ya ala, kimelala katika gunia pamoja na sufuria na chumvi, ni kisu cha mpishi, hakimtishi mtu. Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza, nami naiweka mbele ya habari zote za chuma na makali.

Tena kisu cha safari kisiwe cha kukunja. Kisu cha kukunja ni chepesi, chafaa kumenyea chungwa. Lakini kiungo chake hujaa mchanga, na kikilegea chaweza kujifunga juu ya vidole vya mwenyewe, hasa kikigongwa ili kupasua ukuni. Kisu ambacho chuma chake ni kimoja tangu ncha hata mwisho wa mpini hakina kiungo cha kulegea.

Mpwa wangu alipotaka kuanza biashara ya mchele kati ya Kasongo na Kabambare, mama yake, aliye dada yangu, alimtuma kwangu.

“Shikamoo, mjomba,” akasema. “Mama ameniambia nisinunue kisu bila wewe.”

Alikuwa na fedha ipatayo bei ya kuku wawili, wala si zaidi. Nikatia mfukoni tupa ndogo na kipande cha sumaku nilichokitoa katika redio kuukuu, tukaenda sokoni.

Kisu cha kwanza kilimwita mpwa wangu tangu mbali, maana kiling'aa kama kioo. Mgongo wake ulikuwa na meno kama ya msumeno, na mwisho wa mpini palikuwa na kifuniko chenye dira. Ukikifungua kifuniko, ndani ya mpini mlikuwa na uzi, ndoana na viberiti. Kijana alifurahi kama aliyeonyeshwa duka zima katika kiganja cha mkono. Mimi nilimwuliza jambo moja tu: “Ikiwa mpini una nafasi ya kuweka ndoana, chuma cha kisu kimeishia wapi?” Nikakizungushia kitambaa upande wa makali, nikaushika mpini na kuutikisa. Tulisikia sauti ndogo, tik, tik. Chuma kilikuwa na mkia mfupi kama nusu ya kidole, umefungwa kwa parafujo moja ndani ya bomba. Kisu cha namna hii, kikigongwa mara kumi juu ya ukuni, huacha mpini mkononi na chuma katika kuni. Tulimrudishia mwenye duka kwa adabu.

Juu ya sumaku yafaa niseme neno, kwa maana wengi hudhani kwamba kisu kikivutwa na sumaku basi ni kisu kizuri, au kikivutwa basi kitashika kutu. Yote mawili si kweli. Chuma kisichoshika kutu huchanganywa na kromi isiyopungua sehemu 10 na nusu katika 100. Kiko cha namna nyingi. Cha vijiko na sahani aghalabu hakivutwi na sumaku, wala hakiwezi kufanywa kigumu kwa moto. Kisu cha chuma hicho hakitashika makali kamwe. Cha visu vyema huvutwa, nacho chaweza kufanywa kigumu. Kwa hiyo sumaku huweza kukukataza kununua, lakini haiwezi kukuambia ununue.

Kisu cha pili kilikuwa cha jikoni, chembamba, mpini wa plastiki, bei yake haikufika nusu ya kuku. Sikidharau. Mwenye fedha hiyo tu na akinunue, akimenyee mhogo, akikatie kamba na nyama, na aombe moto kijijini badala ya kupasua kuni. Hatari huanza pale mtu anapokitumia kama shoka. Mpwa wangu alihitaji zaidi, kwa sababu katika mvua ya Novemba kuni zote za porini zimelowa nje, na ukavu umo moyoni mwa ukuni. Kuufikia ni lazima uupasue, yaani kuweka makali juu ya kichwa cha ukuni na kuugonga mgongo wa kisu kwa rungu.

Kisu cha tatu kilikuwa cheusi, kizito, hakikupigwa msasa. Muuzaji akasema mfuaji wake yuko karibu. Tukaona ni heri kumwendea mwenyewe.

Ufundi wa chuma ni wa siku nyingi pande hizi. Jirani zetu Wasonge walisifiwa kwa shoka zao za fahari, mpini umevikwa shaba na chuma kimetobolewa kwa mapambo. Baadhi yake leo zimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Zamani wahunzi waliyeyusha mawe ya chuma wenyewe. Siku hizi hawana haja, kwa maana njia zetu huua motokari, na motokari iliyokufa ni mgodi wa chuma.

“Habari za kazi, Mzee,” nikamwamkia.

“Nzuri, Mwalimu. Karibuni.”

“Kisu hiki umekifua kwa chuma gani?”

“Springi ya lori. Lilikufia hapa hapa njiani, nasi tunalila kidogo kidogo.”

Nikafurahi, kwa sababu swali hilo ndilo la kwanza kumwuliza mhunzi yeyote. Ugumu wa kisu hutokana na kaboni iliyomo ndani ya chuma. Springi za motokari huwa na kaboni kadiri ya sehemu 5 au 6 katika 1000, na chuma cha namna hiyo kikitiwa moto na kupozwa ghafula huwa kigumu. Nondo za kujengea aghalabu zina kaboni sehemu 2 au 3 tu katika 1000. Kisu cha nondo huweza kuwa na sura nzuri kuliko cha springi, lakini makali yake hulala baada ya kukata fito mbili. Mhunzi mwema hatafichi chuma chake. Akisitasita, nenda kwa mwingine.

Lakini chuma chema ni nusu ya kazi. Nilishika tupa, nikaipitisha taratibu juu ya makali karibu na ncha. Ikateleza kabisa kama juu ya chupa. Mpwa wangu akashangilia. Mimi nikamwambia angoje. Tupa ikizama kama katika mti, kisu ni laini mno. Ikiteleza kidogo na kuuma kidogo, ndipo ilipo kadiri inayotakiwa. Ikiteleza kabisa, kisu ni kigumu kama kioo, na kioo huvunjika. Nikaomba ruhusa ya kukijaribu, Mzee akakubali. Nikakikatia mfupa mkavu wa mbuzi mara tatu. Tulipotazama kwenye mwanga tuliona pengo mbili ndogo katika makali, kana kwamba panya ameyauma.

Nikamwuliza Mzee alikipoza kwa nini.

“Kwa maji.”

“Na mafuta je?”

Akacheka. “Mawese ni chakula, Mwalimu.”

Neno lake ni kweli, nami sikuwa na la kujibu. Mhunzi anajua vema kwamba chuma cha springi hupenda mafuta kuliko maji, kwa kuwa maji hukishtua mpaka pengine hupata ufa. Lakini atajaza mkebe mzima wa mawese kwa kisu cha kuku wawili? Basi mpwa wangu akatumwa kwa mama yake, naye akarudi na mafuta, na maneno mengi ya mama yake juu ya mafuta hayo.

Nawaeleza wasomaji yaliyofuata, kwa maana kila mwenye kununua kisu kwa mhunzi anaweza kuyaomba. Mzee alichukua kisu kingine ambacho hakijapozwa. Kwanza nilimwomba akipunguze unene. Jani la springi ni nene, na wahunzi wengi, ili kuokoa makaa na jasho, huacha kisu kikiwa kinene kama patasi. Kisu cha safari chatosha kuwa na milimita 3 au 4 mgongoni, na urefu wa makali kadiri ya sentimita 12. Akakifua, akakinyosha, akakiweka tena katika makaa. Aliitazama rangi yake katika giza la kibanda mpaka ikawa nyekundu ya kuiva. Wakati huo niliigusisha sumaku yangu kwa upesi, imefungwa kwenye waya. Haikushika. Chuma kipatapo joto la kadiri ya digrii 770 huacha kuvutwa na sumaku, na joto linalotakiwa liko juu kidogo tu ya hapo. Tulijaribu mara tatu, na mara zote tatu jicho la Mzee na sumaku yangu vilisema neno moja. Baada ya hapo niliirudisha mfukoni, nisije nikamvunjia heshima.

Akakizamisha katika mawese. Moshi ukapanda, na harufu ya jikoni ikajaa kibandani.

Sasa kisu kilikuwa kigumu mno, kama kile cha kwanza, na hapo ndipo visu vingi vya bei nafuu huachwa kabla ya wakati. Kilitakiwa kurudishiwa joto kidogo ili kipate uvumilivu. Mzee alikisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akaulaza mgongo wake juu ya kipande kinene cha chuma chenye moto. Tukainama wote watatu tukatazama. Rangi ilianza mgongoni, ikatambaa polepole kuelekea makali: kwanza njano kama majani makavu, nyuma yake hudhurungi, nyuma yake zambarau, na mgongoni kabisa buluu. Rangi ya majani makavu ilipoyafikia makali, Mzee alikinyakua na kukipoza. Makali yalikuwa magumu, na mgongo ulikuwa wa kuvumilia rungu. Kazi hiyo ya mwisho ilichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai, nayo haikugharimu kitu ila kusubiri.

Tupa sasa iliteleza kidogo ikauma kidogo. Tuliichomeka ncha katika ufa wa gogo tukausukuma mpini upande mmoja. Chuma kikapinda kidogo, tukauachia, nacho kikarudi sawa. Kisu ambacho hubaki kimepinda ni laini, na ambacho hulia na kukatika, heri kikatike pale kuliko porini. Tukapasua kuni tano za mti uliolowa. Tukachonga fito. Mwishowe mpwa wangu akakata jani la mgomba lililoning'inia, nalo likakatika bila kuraruka. Tulipoyaelekeza makali juani hatukuona nuru ikimetameta. Makali yanayometameta yamelala au yamemeguka, kwa sababu makali mema hayaonekani.

Uliobaki ulikuwa mpini, nami nilikaa nao muda mrefu kuliko chuma. Nilitaka chuma kipite katikati ya mpini mpaka mwisho, na vipande viwili vya mti mgumu vilazwe huku na huku, vikazwe kwa misumari mitatu iliyopigwa vichwa pande zote mbili. Mzee akafanya hivyo. Kisha nikampaka kijana mawese mikononi, nikamwambia auchome mti mlaini kwa ncha, polepole. Mkono wake uliteleza mbele mpaka kidole cha shahada kikakaribia makali. Basi Mzee akachonga upya, akaacha uvimbe mbele ya mpini wa kuzuia vidole na mwingine nyuma. Jaribio hilo la mikono yenye mafuta naliona ni kubwa kuliko yote. Porini mkono wa msafiri huwa na mvua, jasho, magamba ya samaki au damu ya kuku. Hauwi mkavu kama mkono wa mnunuzi sokoni.

Kasoro moja ya chuma cha springi sitaificha: hushika kutu. Tulikipaka limau na kukiacha usiku. Asubuhi kilikuwa na mabaka meusi. Weusi huo haudhuru, bali kutu nyekundu hula makali. Kifutwe kila jioni na kupakwa mafuta kidogo, wala kisilale ndani ya ala iliyolowa. Ala tuliyofanya ilikuwa ya vipande viwili vya mti mwepesi, vimefungwa kwa ngozi ya mbuzi, na tundu dogo chini la kutokea maji.

Kukinoa si kazi ngumu. Jiwe laini la mtoni latosha, lililowa maji. Mgongo wa kisu uinuliwe juu ya jiwe kadiri ya theluthi moja ya upana wa chuma, usizidi, wala usibadilike, upande huu na upande huu mara sawa. Wanaokiinua sana hupata makali ya siku moja.

Nilimwagiza kijana mambo mawili. Akijikata, aoshe jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, alifunge kitambaa safi, na afike katika nyumba ya waganga iliyo karibu kuulizia sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo. Na mtu akiumwa na nyoka, kisu kibaki ndani ya ala. Kuchanja mahali palipoumwa hakutoi sumu. Huzidisha damu na kuleta kidonda kingine. Aliyeumwa atulizwe, asitembee, kiungo chake kisitikiswe, apelekwe hospitali kwa machela au juu ya kinga.

Bei ilikuwa kuku wawili kasoro kidogo, pamoja na ala. Mpwa wangu akaondoka siku ya pili na magunia yake. Alirudi baada ya majuma matatu, mzima, na kisu kilikuwa na alama moja tu ya rungu mgongoni. Alilala porini mara nne, na mara zote alipata moto.

Alipokiweka mezani, dada yangu akakichukua kukatia sombe. Tangu siku ile hajakirudisha. Kijana alipodai, mama yake alimjibu kwamba mawese yaliyokizima yalikuwa yake. Mzee wa kibandani sasa anafua kingine, na safari hii mafuta tumeyanunua sisi.